Nani Kasema Mchoro ni Pambo?

Katika vyuo vyetu maandishi ya utafiti hupewa miezi, uchambuzi wa data hupewa wiki, na michoro hupewa usiku mmoja. Mwanafunzi anafungua Ekseli, anabofya chati ya kwanza inayojitokeza, nguzo zinatoka zimevimba na vivuli juu, basi, kazi inapelekwa kujalidiwa. Ukimuuliza anasema maudhui yamo kwenye maandishi, hayo mengine ni ya kupendezesha kurasa. Na wakubwa wengi, nasikitika kusema, humkubalia.

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika kila penye jarida la kitaaluma na kila penye semina ya uzamili. Wasemaji sikuwapa majina, nimewapa kazi zao tu. Mtakwimu ni mama mtu mzima aliyefundisha nusu ya wahadhiri wa idara. Mchoraji ni kijana wa chumba cha habari, anayetengeneza michoro ya takwimu za gazeti. Yupo Mhariri wa jarida la chuo, yupo Mwanaisimu aliyepita tu akaamua kukaa, na yupo Mwanafunzi wa uzamili wa kilimo, ambaye rasimu yake imewekwa mezani. Mimi sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

MTAKWIMU: Mwanangu, tufungulie ile grafu ya mahindi. Hapa naona nguzo ya samadi ni ndefu mara nne ya ile isiyo na mbolea. Haya, nisomee tarakimu zake.

MWANAFUNZI: Bila mbolea ni tani 2.1 kwa hekta, Profesa. Kwa samadi ni tani 2.4.

MTAKWIMU: Hiyo ndiyo mara nne?

MWANAFUNZI: Programu ndiyo iliyoanzisha mhimili kwenye 2.0. Mimi sikuigusa.

MTAKWIMU: Siku ya utetezi programu haitaitwa, utaitwa wewe. Nguzo husomwa kwa urefu wake wote, kuanzia chini. Ukiikata miguu, jicho linalinganisha vilivyobaki: 0.1 na 0.4. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, wekeni jedwali. Wastani, mkengeuko, idadi ya sampuli, umemaliza. Jedwali halina ulimi wa kubembeleza mtu.

MCHORAJI: Shikamoo, Profesa.

MTAKWIMU: Marahaba. Naona umekuja na laptopu, utanishinda kwa picha.

MCHORAJI: Nimekuja na mtakwimu mwenzako. Francis Anscombe, mwaka 1973, alitunga seti nne za data, kila moja ina jozi 11 za namba. Kwenye zote wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, kigawo cha uwiano ni 0.816, na hata mstari wa makadirio ni uleule. Kwenye jedwali lako la muhtasari hakuna atakayezitofautisha. Zichore sasa. Ya kwanza imetawanyika kuufuata mstari, kama ilivyotarajiwa. Ya pili ni tao. Ya tatu imenyooka kabisa isipokuwa nukta moja iliyoruka juu. Ya nne nukta zote zimesimama penye x sawa na 8, ila moja iliyo peke yake kule kwenye 19, na hiyo moja ndiyo inayouzaa mstari wote. Jedwali halikubembeleza mtu, kweli. Lilinyamaza tu.

MTAKWIMU: Anscombe nimemfundisha kabla hujazaliwa, kijana. Hakuwa akitetea wapambaji. Alimtaka mtafiti achore ili aone mwenyewe kilichomo kwenye data kabla ya kuandika. Kuchora kwa kuchunguza ni kitu kimoja, kuchora kwa kushawishi ni kingine.

MCHORAJI: Basi ukishaona wewe, msomaji asione? Yeye apewe wastani akuamini?

Hapo mama alinyamaza kidogo, nami nitautumia ukimya huo. Nadhani swali la kijana limegusa kiini cha ugomvi. Tumezoea kuigawa kazi ya utafiti mara mbili: kutafuta ukweli, halafu kuuvalisha nguo. Mgawanyo huo ndio unaoruhusu michoro kufanywa usiku wa mwisho. Kumbe uamuzi wa nini kiwekwe karibu na nini, na nini kiachwe nje, ni uamuzi juu ya ushahidi wenyewe. Anayeufanya ni mtafiti, hata anapodhani ameiachia programu.

MHARIRI: Tuache nadharia kidogo, turudi kwenye mahindi. Binti, ulikuwa na vitalu vingapi?

MWANAFUNZI: Vitano vya samadi, vitano bila mbolea.

MHARIRI: Vitano tu, halafu umechora nguzo? Mwaka 2015 Tracey Weissgerber na wenzake walipitia makala za majarida makubwa ya fiziolojia, wakakuta nguzo zimetapakaa hata pale sampuli zilipokuwa chache mno, na wakaonyesha kwamba nguzo moja inaweza kutokana na data za sura tofauti kabisa. Ushauri wao ulikuwa rahisi: sampuli zikiwa chache, onyesha nukta zote. Hebu tutajie vitalu kimoja kimoja.

MWANAFUNZI: Bila mbolea: 2.0, 2.1, 2.1, 2.1, 2.2. Vya samadi: 2.0, 2.1, 2.1, 2.2, na... 3.6.

MCHORAJI: Ngoja niziweke. Tazameni.

Kwenye skrini kulikuwa na safu mbili za nukta. Zile za kushoto zimebanana. Za kulia nne zimebanana palepale, kimo kilekile, na ya tano iko juu peke yake. Mhimili ulianzia sifuri, hapakuwa na rangi wala kivuli, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

MTAKWIMU: Hicho cha tano kiko wapi shambani?

MWANAFUNZI: Mwisho kabisa, Profesa, upande wa bondeni. Wenyeji walisema zamani palikuwa na zizi la ng'ombe.

MTAKWIMU: Palikuwa na zizi! Na wewe umeandika kwenye ikisiri kwamba samadi iliongeza mavuno kwa asilimia 14.

MWANAFUNZI: Hesabu ni sahihi, lakini...

MTAKWIMU: Hesabu ni sahihi, sikatai. Nenda kapime udongo wa hapo, ndipo turudi kwenye ikisiri. Kijana, kwa hili nakupa haki yako. Ila uone kwamba kilichotusaidia ni mchoro mkavu kuliko yote. Nukta kumi. Usianze sasa kuniletea picha za magunia na mahindi yanayocheka.

MCHORAJI: Magunia nayo yana watetezi wake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walichukua chati zenye vikatuni za mchoraji Nigel Holmes, wakazilinganisha na chati kavu za data zilezile. Watu walizisoma kwa usahihi uleule, na baada ya wiki mbili tatu waliowahi kuona zenye vikatuni walikumbuka vizuri zaidi.

MTAKWIMU: Chati za magazeti hizo, zenye namba nne au tano. Ziletee vikatuni data zenye makundi 12 na vipimo vya miaka 20 tuone nani atakumbuka nini.

MCHORAJI: Sibishi, kwenye makala ya utafiti nisingeviweka. Nabisha dhana kwamba kumfikiria msomaji ni udanganyifu. Florence Nightingale mwaka 1858 alichora vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea mwezi kwa mwezi, akatenganisha waliokufa kwa majeraha na waliokufa kwa maradhi yanayozuilika. Sehemu ya maradhi iliimeza ile ya majeraha. Alichora ili wakubwa washtuke, na data zake zilikuwa za kweli. Kosa liko wapi?

MTAKWIMU: Hakuna kosa. Lakini kwa kila Nightingale mmoja mimi nimesahihisha chati duara hamsini zilizolazwa chali kama sahani, kipande cha mbele kikionekana kikubwa kuliko cha nyuma wakati vyote ni asilimia 20. William Playfair alipoleta chati duara mwaka 1801 hakujua ametuachia mzigo gani. Watakwimu Cleveland na McGill walilipima jambo hili mwaka 1984: jicho husoma vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kisha urefu, halafu pembe na eneo huja nyuma, na rangi kolevu na hafifu nyuma zaidi. Kwa hiyo anayechora pembe pale anapoweza kuchora nukta kwenye mstari amechagua njia ngumu kwa msomaji. Hayo ni matokeo ya jaribio, hayahusu ladha.

MHARIRI: Na kwa sababu hiyo jarida langu lina sheria: mhimili uanzie sifuri.

MTAKWIMU: Sheria mbaya.

MHARIRI: Profesa! Si wewe uliyeanza nayo leo?

MTAKWIMU: Nimeisemea nguzo. Nguzo ina urefu, lazima ianze sifuri. Mstari husomwa kwa mwinamo na mahali. Chora joto la mwili la mgonjwa kwa siku saba, mhimili uanzie sifuri: nyuzi 37 na nyuzi 40 zitakaa karibu mstari mmoja ulionyooka. Daktari ataona mtu mzima wa afya. Sheria yako ingemwua mgonjwa kwa uadilifu mkubwa.

Nilifurahi kumsikia. Sheria za majarida kuhusu michoro nyingi ni za aina hiyo: zimetokana na hila moja iliyofichuliwa, kisha zikapanuliwa kuwa amri ya kila kitu. Mhariri hakufurahi, akaamua kuileta kesi anayoijua kuliko wote.

MHARIRI: Haya, tuseme habari ya kuua. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za kukisukuma chombo cha anga cha Challenger, walikuwa kwenye simu na maofisa wa NASA. Walitaka urushaji uahirishwe. Florida kulitabiriwa baridi ya chini ya nyuzi 0, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi, zikashindwa kuzuia gesi ya moto. Walituma kurasa 13 kwa faksi. Hawakusikilizwa. Asubuhi chombo kikarushwa, kikasambaratika baada ya sekunde 73, watu 7 wakafa. Mwaka 1997 Edward Tufte, mtaalamu wa michoro ya data, alizichambua kurasa zile 13, akasema hakuna hata moja iliyoweka pamoja joto na hali ya pete kwa safari zote. Mazungumzo yalizunguka safari zilizopata hitilafu. Moja ilikuwa kwenye nyuzi 12, nyingine kwenye nyuzi 24. Ofisa akisikia hivyo anasema: hitilafu hutokea kwenye baridi, hutokea kwenye joto, tatizo si hali ya hewa.

MWANAFUNZI: Na kama wangechora zote?

MHARIRI: Tume ya Rogers iliyochunguza ajali ilichora, mwaka uleule. Grafu ya kwanza ina safari zenye hitilafu tu, nukta 7 zimetawanyika, huoni chochote. Ya pili imeongeza safari zilizokwenda salama. Safari 4 zilizorushwa maungio yakiwa na takriban nyuzi 17 au chini ya hapo, zote 4 zilipata hitilafu. Kati ya 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 19 na zaidi, zilizopata ni 3. Nukta zilizokosekana ni zile ambazo hakuna aliyeziona kuwa habari.

MTAKWIMU: Umesimulia vizuri, lakini umeishia katikati. Mwaka 2002 Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi walewale, na wenzake watatu walimjibu Tufte. Walisema amechanganya joto la hewa na joto la mpira ndani ya maungio. Walisema usiku ule wahandisi hawakuwa na joto la kila safari mkononi. Na Boisjoly alishaandika barua ya tahadhari tangu Julai 1985, kwa maneno yasiyohitaji grafu. Usiku wenyewe, meneja mmoja wa uhandisi aliambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Niambie wewe, ni mchoro gani ungemrudishia kofia yake? Mnapenda kisa hiki kwa sababu kinawafanya wachoraji waokoaji. Kinawatupia lawama waliokuwa wakipiga kelele.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko kile cha kwanza. Kwa upande wangu, Boisjoly ana haki dhidi ya Tufte juu ya lawama, na haki hiyo imechelewa kumfikia: vitabu vingi vya usanifu bado vinasimulia kisa kana kwamba wahandisi walishindwa tu kuchora. Lakini kuna jambo moja jibu lile haliligusi. Hata kwa data chache walizokuwa nazo, mhimili wa joto ungechorwa kuanzia pale walipokuwa wanatakiwa kurushia, chini ya sifuri, hadi nyuzi 25, ungebaki mtupu kutoka chini ya sifuri hadi nyuzi 12. Hakuna safari iliyowahi kwenda huko. Nafasi hiyo tupu ni ushahidi, na haiingii kwenye jedwali la hitilafu, kwa kuwa jedwali lina mistari ya vilivyotokea peke yake. Kama ingemshawishi meneja aliyekwisha kuamua, hilo ni suala la madaraka.

MWANAISIMU: Nafasi tupu! Hapo mmenigusa. Mnaongea kana kwamba michoro ni ya wenye namba pekee. Njooni kwetu muone ramani za lahaja za Kiswahili. Kiamu kimepakwa bluu Lamu, Kimvita chekundu Mombasa, Kimtang'ata kijani kwenye mwambao wa Tanga, na Unguja imekatwa vipande viwili, Kiunguja na Kimakunduchi. Kati yake mistari myeusi imenyooka kama mipaka ya wilaya. Msomaji anaondoka akiamini ukivuka mstari watu wanabadilisha usemi. Na bara yote imeachwa nyeupe, kana kwamba Dodoma, Kigoma na Lubumbashi watu ni mabubu.

MCHORAJI: Weupe huo maana yake nini? "Hakizungumzwi" au "hatukwenda"?

MWANAISIMU: Mara nyingi "hatukwenda". Au "hatukioni kuwa lahaja".

MCHORAJI: Basi ondoa rangi za kujaza. Weka nukta kwenye kila mji na kijiji ulichorekodi wasemaji, umbo la nukta lionyeshe sifa moja ya matamshi. Ramani moja, sifa moja. Penye sifa mbili zinazokutana utaona nukta zimechanganyikana, hutahitaji mstari.

MWANAISIMU: Itakuwa mbaya kuitazama. Nusu itakuwa matobo.

MTAKWIMU: Itakuwa mbaya na ya kweli. Matobo hayo ndiyo yatakayokupatia fedha za utafiti unaofuata.

MHARIRI: Ila rangi tusizipuuze, maana ndizo zinazoniletea kesi nyingi. Watu wananiletea ramani za mvua zenye rangi zote za upinde wa mvua. Kati ya njano na kijani jicho linaona ukingo ambao kwenye data haupo. Hata watengenezaji wa Matplotlib, programu ya kuchorea grafu, waliiacha paleti ya namna hiyo, wakaweka viridis kuwa chaguo la kawaida kuanzia toleo la 2.0, mwaka 2017, kwa sababu viridis hupanda kutoka giza kwenda mwanga kwa hatua zinazolingana.

MWANAFUNZI: Mimi nilitumia nyekundu na kijani, ili ionekane vizuri.

MHARIRI: Ionekane na nani? Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwetu wanatajwa kuwa wachache zaidi, lakini sisi tuna mashine ya kopi. Tasnifu yako itakwenda steshenari, na kopi ya rangi bei yake unaijua. Itatolewa nyeusi na nyeupe. Nyekundu yako na kijani yako zitatoka kijivu kimoja, na mtahini wa nje ataisoma grafu yako kwa kubahatisha.

MCHORAJI: Na wewe Bwana Mhariri unatusaidiaje? Jarida lako linapunguza kila mchoro uingie kwenye safu moja. Maandishi ya mhimili yanakuwa madogo kuliko tanbihi. Maelezo yaliyoshikana na mistari unaniambia niyahamishie kwenye kisanduku pembeni, msomaji aanze kupiga macho huku na huku: mstari wa vidoti ni upi, wa mikato ni upi. Ukiandika jina la mstari mwishoni mwa mstari wenyewe, rangi haihitajiki kabisa, na hata kopi ya kopi inasomeka.

MHARIRI: Hilo la majina nitalikubali. La safu moja ni gharama za karatasi.

MTAKWIMU: Usikwepe. Ukiwapa kurasa mbili za utangulizi unaorudia yale yaliyoandikwa na wote, unashindwaje kuwapa nusu ukurasa wa grafu yenye matokeo? Makala ya Watson na Crick mwaka 1953 ilizidi ukurasa mmoja kwa kidogo tu, na bado palipatikana nafasi ya ule mchoro wa DNA, kama ngazi iliyopindana. Aliyeuchora alikuwa Odile Crick, msanii, mke wa Crick huyo. Maelezo yake chini yalisema waziwazi kwamba ni kielelezo tu. Sentensi fupi, na msomaji anajua aamini nini na asiamini nini.

MCHORAJI: Kwa hiyo Profesa unakubali wasanii waingie kwenye makala?

MTAKWIMU: Nakubali waingie wakiwa na maelezo chini yao.

MHARIRI: Mimi ninachotaka kujaribu toleo lijalo ni hiki: mwandishi alete michoro na majedwali kwanza, pamoja na maelezo yake, kabla ya makala. Wasomaji wawili waisome hiyo peke yake, waandike wanachodhani makala inasema. Wakiandika kingine, inarudi.

MWANAISIMU: Na sisi ambao makala zetu hazina hata mchoro mmoja?

MHARIRI: Mtaleta mifano yenu ya sentensi ikiwa imepangwa. Nayo ina mpangilio, ingawa mnaitupa tu katikati ya aya.

MTAKWIMU: Wasomaji wawili hawatoshi, na utawachagua kati ya marafiki zako. Ila jaribu. Na data zenyewe walete pia, siyo picha peke yake. Nataka nizichore upya nyumbani.

MCHORAJI: Profesa utachora?

MTAKWIMU: Nimechora tangu enzi za karatasi za miraba na penseli. Hamkuniuliza.